Karatasi 12 ndani ya kawa

Mchezo wa mama ulikuwa wa watu 12. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa shilingi elfu hamsini, zinakusanyika laki sita, anakabidhiwa mmoja wao. Mwezi unaofuata anakabidhiwa mwingine, mpaka mwaka unakatika kila mtu ameshika laki sita yake mara moja. Wengine huuita upatu, wengine kibati, na ndugu zetu wa Kenya wana chama. Kwetu Tanga, kwenye barabara za namba za Ngamiani, ni mchezo tu, na anayeshika daftari anaitwa kijumbe. Kijumbe alikuwa mama.

Kwa asiyewahi kucheza, zamu inaweza kuonekana si kitu. Si wote watapata laki sita? Muulize mwenye mtoto anayetakiwa kuripoti kidato cha kwanza Januari. Anayepata wa kwanza amekopeshwa na wenzake kumi na mmoja bila riba wala mdhamini. Anayepata wa mwisho amegeuka benki yao. Ndiyo maana zamu hupigiwa kura, na ndiyo maana siku ya kura hakuna anayechelewa.

Kura yenyewe ilikuwa hivi. Majina 12 yanaandikwa kwenye vipande vya karatasi vilivyochanwa kwenye daftari la mtoto, vinakunjwa, vinatiwa ndani ya kawa iliyopinduliwa, kisha mtoto mdogo anavuta kimoja kimoja. Jina la kwanza kutoka ni la Januari, la pili Februari, na kuendelea.

Mwaka ninaousimulia, watano kati ya wale 12 walikuwa wapangaji wa nyumba moja, ile ya bati jekundu. Likatoka jina la kwanza: bati jekundu. Vigelegele. La pili: bati jekundu. Vigelegele vikapungua. La tatu likasomwa, bati jekundu tena, na uani pakawa kimya kabisa, ikasikika sufuria ya jirani inavyochemka.

"Hizi karatasi zina macho," akasema mama mmoja muuza samaki.

Kutoka hapo kila mtu akasema lake. Mimi nilikuwa barazani, nimemaliza kidato cha sita, kazi yangu kubwa ikiwa ni kula na kulala. Mama akaniita. "Wewe si umekaa miaka miwili unasoma hesabu? Njoo utuambie. Hili jambo linawezekana au haliwezekani?"

Nilikuwa nimesoma PCM, kombi ya fizikia, kemia na hisabati, na mada ya uwezekano nilikuwa nimeimaliza kwa alama nzuri. Lakini uwezekano niliousoma ulikuwa wa mfuko wenye mipira. Kila swali lilikuwa na mfuko. Mfuko una mipira 5 myekundu na 7 ya bluu, inatolewa mitatu bila kurudishwa, tafuta uwezekano kwamba yote mitatu ni myekundu. Nimefanya maswali ya namna hiyo labda mia moja, na sikuwahi kumwona binadamu yeyote mwenye mfuko wa mipira ambaye anajali itoke ya rangi gani. Kwa hiyo nilisimama pale uani, mbele ya akina mama 12, watano wakiwa wa bati jekundu na saba si wa bati jekundu, nikawa sina jibu. Ilichukua muda kugundua kwamba nilikuwa nautazama ule mfuko.

Muuza samaki hakunisubiri. Yeye alikuwa na hesabu yake. "Hapa kuna mambo manne tu," akasema, akikunja vidole. "Ama wametoka wote watatu wa kule, ama wawili, ama mmoja, ama hakuna. Manne. Kwa hiyo hili limekuja mara moja katika nne. Mimi sisemi haiwezekani. Nasema mwaka jana pia ilikuja."

Watu wakaitikia. Nami nikiri, kwa sekunde kadhaa hoja ilinishika, kwa sababu mambo ni manne kweli. Kosa haliko kwenye kuhesabu manne. Kosa liko kwenye kudhani yote manne yana uzito sawa.

Huyu mama asionewe, kwa sababu kosa hilo limewaangusha watu wenye majina makubwa. Jean d'Alembert, mwanahisabati wa Ufaransa aliyehariri ile ensaiklopidia ya Kifaransa, Encyclopédie, pamoja na Diderot, aliandika mwaka 1754 kuhusu mchezo wa kurusha sarafu mara mbili. Ukipata kichwa angalau mara moja umeshinda. Yeye akasema: ukipata kichwa mara ya kwanza mchezo umeisha, basi yako matatu tu. Kichwa, au mwenge halafu kichwa, au mwenge halafu mwenge. (Nasema mwenge kwa heshima ya ile shilingi moja ya zamani yenye mkono ulioshika mwenge.) Matatu, mawili ni ya ushindi, kwa hiyo uwezekano ni 2/3. Jibu sahihi ni 3/4. Lile "kichwa" la kwanza alilolihesabu kama jambo moja ni mambo mawili yaliyovaa nguo moja, kichwa-kichwa na kichwa-mwenge, na yanakuja mara nyingi maradufu kuliko wenzake.

Zaidi ya miaka 100 kabla yake Galileo alikuwa ameshakutana na jambo la jamaa hiyo hiyo. Wacheza dadu walikuwa wanashangaa: ukirusha dadu tatu, jumla ya 9 inaandikika kwa njia sita, na jumla ya 10 inaandikika kwa njia sita vilevile, sasa mbona 10 inatoka mara nyingi kidogo? Galileo akaonyesha kwamba njia sita za kuandika si njia sita za kutokea. Tatu-tatu-tatu ina namna moja tu ya kuanguka. Moja-mbili-sita ina namna sita, kwa kuwa dadu ni tatu tofauti hata kama zinafanana kwa sura. Ukihesabu zote, kuna maangukio 216. Ya jumla ya 9 ni 25, ya jumla ya 10 ni 27. Tofauti ya mbili katika 216, na kuna watu waliicheza dadu kiasi cha kuihisi. Hilo ndilo linalonishangaza mimi, kuliko hesabu yenyewe.

Kwa hiyo dawa, iwe ni kwa dadu, sarafu au akina mama, ni kumpa kila mmoja jina lake kabla hujaanza kuhesabu. Mipira ya kitabuni ilinichelewesha kwa sababu haina majina. "Mpira mwekundu" ni mpira mwekundu. Lakini mpangaji wa chumba cha mbele si mpangaji wa chumba cha nyuma, na ukiwaweka pamoja kwenye kapu la "mmoja wa bati jekundu" umeshapoteza hesabu.

Nikaomba karatasi. Nikaanza na swali ambalo kila mtu angeweza kulijibu: nafasi ya Januari ingeweza kwenda kwa watu wangapi? Kumi na wawili. Ikishachukuliwa, Februari? Kumi na mmoja. Machi? Kumi. Basi 12 × 11 × 10, yaani namna 1,320 za kujaza miezi mitatu.

Hapo mama mmoja, mpole, ambaye hakuwa amesema kitu, akauliza: "Lakini wewe unahesabu nani Januari na nani Machi. Sisi hatugombani kuhusu hilo. Tunagombana kwamba watatu wote ni wa kule."

Sijawahi kupata mwalimu aliyeliweka vizuri zaidi. Ndilo swali lote la mada ile: je, nani kaanza na nani kafuata lina maana hapa, au halina?

Mwalimu wetu wa kidato cha tano alikuwa na mfano ambao naamini unaeleweka Tanzania kuliko nchi nyingine yoyote. Aliandika ubaoni PCM, kisha chini yake MCP, kisha CPM. Akauliza, "Hizi ni kombi ngapi?" Darasa likacheka. Ni moja. Ukimwambia mtu umechaguliwa MCP atakutazama kama umekunywa kitu, lakini masomo ni yale yale matatu, fizikia, kemia, hisabati. Herufi tatu zinaweza kupangwa kwa namna 3 × 2 × 1, yaani sita, na zote sita ni kombi moja. Kwa hiyo ukiwa na herufi tisa za masomo ya enzi zetu, P, C, B, M, G, H, E, K na L, ukizipanga tatu tatu unapata 9 × 8 × 7 = 504, lakini kila kombi umeihesabu mara sita. Gawa kwa sita: 84. (Serikali ilituruhusu kama kumi hivi. Sijui mtu wa HBM, yaani historia, biolojia na hisabati, angekuwa mtu wa namna gani, ila ningependa kukutana naye.)

Mpangilio unapokuwa na maana, hali inabadilika kabisa, na lugha ndiyo ushahidi wa karibu. Chukua herufi nne: l, i, m, a. Kama kombi, ni moja tu. Kama maneno, ni lima, mali, mila, lami na imla, matano yenye maana katika mipangilio 24. Lugha haiwezi kupuuza nani katangulia.

Na waliohesabu haya mapema walikuwa watu wa lugha. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8, yule yule aliyeweka misingi ya arudhi, elimu ya mizani ya mashairi, alitaka kutunga kamusi ambayo haitaacha neno nje. Akajiuliza: kwa herufi 28 za Kiarabu, mizizi ya maneno ingeweza kuwa mingapi, bila kurudia herufi? Ya herufi mbili ni 28 × 27, yaani 756. Ya tatu, 19,656. Ya nne, 491,400. Ya tano, 11,793,600. Jumla inayonukuliwa kwa jina lake ni 12,305,412, na ukikaa na kalamu utaona inatoka kamili. Kisha akatafuta ni ipi katika hiyo ambayo Waarabu waliitumia kweli, na zilizobaki akaziacha kama viti vitupu.

Karne kadhaa baadaye, huko Marrakech, Moroko, mwanahisabati Ibn Mun'im, aliyefariki mwaka 1228, akauliza swali la upande wa pili, lile la yule mama mpole. Akiwa na nyuzi za hariri za rangi 10, anaweza kutengeneza vishada vingapi vya rangi tofauti? Kwenye kishada hakuna uzi wa kwanza wala wa mwisho. Vya rangi mbili ni 45, vya rangi tatu ni 120. Alizipanga hesabu zake katika jedwali ambalo leo shuleni tunaliita pembetatu ya Pascal, na Pascal mwenyewe aliandika kitabu chake kuhusu pembetatu hiyo mwaka 1654. Sina ugomvi na Pascal. Nasema tu nilimaliza kidato cha sita sijawahi kulisikia jina la Ibn Mun'im.

Turudi uani.

Namna 1,320 tukazigawa kwa sita: makundi ya watu watatu kati ya 12 ni 220. Kwenye kikokotoo kuna kitufe cha nCr kinachokupa hilo kwa mguso mmoja, lakini nilifurahi kwamba siku ile sikuwa nacho. Watu wasingeamini kitufe.

Kisha: katika hayo 220, ni mangapi yenye watu wa bati jekundu watupu? Wako watano, chagua watatu. 5 × 4 × 3 gawa kwa 6. Kumi. Kwa hiyo 10 kati ya 220, mara moja katika 22.

Muuza samaki alitaka kujua yale mambo yake manne yamekwenda wapi, nami nikampigia moja moja. Hakuna hata mmoja wa bati jekundu: chagua watatu kati ya saba, makundi 35. Mmoja tu: watano ukizidisha na jozi 21 za wale saba, makundi 105. Wawili: jozi 10 ukizidisha na 7, makundi 70. Watatu: 10. Jumlisha, 35 na 105 na 70 na 10, unarudi kwenye 220. Mambo ni manne kama alivyosema, ila moja lina makundi 105 na jingine lina 10. Akaitazama ile karatasi muda mrefu. "Sasa hiyo mia na tano ndiyo tumeizoea," akasema. Hasa.

Nilijisikia msomi. Kisha mama akauliza swali lililoniondolea usomi wote.

"Kwa hiyo wameiba au hawajaiba?"

Mara moja katika 22 ni ngapi? Ni nadra kuliko kurusha sarafu na kupata kichwa mara nne mfululizo, ambayo ni mara moja katika 16, na si nadra kama kupata mara tano, ambayo ni mara moja katika 32. Kuna mtu aliyewahi kukamatwa kwa kupata kichwa mara nne? Nikasema haithibitishi kitu. Wa bati jekundu wakapiga makofi. Nikasema pia haikanushi kitu. Wakaacha.

Ugomvi uliisha kwa njia ambayo hesabu haikuchangia hata senti. Mmoja wa wale watatu, mwenye Januari, alikuwa mwanamke asiye na mtoto wa shule. Mama alimvuta pembeni, wakazungumza, akarudi akasema anabadilishana na mama fulani mwenye kijana wa kidato cha kwanza, yeye atachukua Juni. Kila mtu akaondoka ameridhika nusu.

Mimi ndiye sikuridhika, na nimelirudia swali lile kwa miaka. Nikagundua baadaye kwamba ile 1/22 yangu, ingawa kila tarakimu yake ni sahihi, ilijibu swali nililolipata baada ya matokeo. Hebu ona. Nilihesabu nyumba ya bati jekundu kwa sababu ndiyo iliyotoka. Lakini wale saba waliobaki hawakuwa watu wasiojuana. Wanne walikuwa wauza samaki wa soko moja. Watatu walikuwa mama mkwe na wake wawili wa wanawe. Wangetoka wauza samaki watatu wa kwanza, unadhani kungekuwa kimya? Angetoka mama mkwe na wakamwana zake mfululizo, je? Makundi yanayozua kelele ni 10 ya bati jekundu, 4 ya samaki, 1 la ukwe. Jumla 15 kati ya 220, karibu mara moja katika 15.

Halafu kuna mkia. Watu hawagombani kwa sababu ya Januari peke yake. Wangebaki watatu wa mwisho, Oktoba hadi Desemba, wote wa kundi moja, malalamiko yangekuwa makali zaidi. Hapo inakuwa 15/220 mara mbili, kisha unatoa zile nafasi chache ambazo kelele inatokea pande zote mbili kwa mpigo, maana umezihesabu mara mbili. Ukifanya hivyo unapata kama 13 kati ya 100. Yaani kwa mchezo wa watu wale 12, kura safi kabisa isiyo na mkono wa mtu ingezua ugomvi wa namna hii takriban mara moja katika kila miaka minane. Wala sijagusa madhehebu, makabila na waliowahi kugombana kisimani.

Kutoka 1/22 hadi karibu 1/8, na hakuna karatasi iliyobadilika. Kilichobadilika ni swali.

Kijiwe cha bodaboda cha karibu na ninapoishi sasa ndipo ninapoliona hili kila wiki, kwa mlango mwingine. Vijana wanacheza mkeka wa mechi 17: kila mechi unabashiri nyumbani, sare au ugenini. Kijana mmoja huja na karatasi yake. "Bro, nimekosa mbili tu." Anasema kama mtu aliyefika mlangoni akakuta umefungwa dakika ile ile. Mikeka inayowezekana ni 3 ikizidishwa kwa yenyewe mara 17, yaani 129,140,163. Wa kupatia zote ni mmoja. Wa kukosa mbili tu ni mingapi? Chagua mechi mbili za kukosea kati ya 17, ambazo ni jozi 136, na kila moja unaweza kuikosea kwa njia mbili, kwa hiyo zidisha kwa nne: 544. Kukosa tatu, 5,440. Nilimwambia kwamba kwa kila mkeka wa ushindi kuna mikeka 544 ya "mbili tu", ndiyo maana kijiwe kizima kina hadithi ya mbili tu na hakuna mwenye hadithi ya zote. Akaniambia mimi sijui mpira.

Na kwa namna moja alikuwa sahihi. Hesabu yangu ilizichukulia nyumbani, sare na ugenini kuwa sawa kwa sawa, na timu kubwa ikiwa nyumbani dhidi ya iliyopanda daraja juzi si sawa kwa sawa hata kidogo. Kuhesabu makundi kunakupa uwezekano pale tu kila kundi lina nafasi sawa na jingine. Kwenye mpira sharti hilo halipo. Kwenye kura ya mchezo lipo.

Au ndivyo nilivyodhani.

Juzijuzi nilikuwa nasoma kuhusu bahati nasibu ya Marekani ya tarehe 1 Desemba 1969. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na vijana walipaswa kuitwa jeshini kwa kura ya siku ya kuzaliwa. Siku 366 za mwaka zikawekwa kwenye vidonge vya plastiki, zikatiwa kwenye chombo, zikavutwa mbele ya televisheni. Ya kwanza kutoka ilikuwa Septemba 14, ikapewa namba 1, na wote waliozaliwa siku hiyo wakawa wa kwanza kuitwa. Watu wa takwimu walipoitazama orodha wakaona jambo. Kwa kura safi, wastani wa namba za kila mwezi ungezunguka 183. Wastani wa Desemba ulikuwa chini ya 125. Waliozaliwa mwisho wa mwaka waliwahi mno kuitwa. Hapakuwa na mwizi. Vidonge vilitiwa kwa mpangilio wa miezi, Januari kwanza, Desemba mwisho, na havikuchanganywa vya kutosha, basi vya mwisho kuingia vikawahi kutoka.

Nikaiweka simu chini, kisha nikaiokota nikampigia mama.

Salamu, hali, wajukuu. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka ule mwaka wa bati jekundu. Anakumbuka, na alinitajia hata rangi ya kanga aliyovaa muuza samaki. Nikamuuliza: yale majina uliyaandika kwa mpangilio gani?

"Wa daftari, baba. Kama walivyojiunga."

"Na wa bati jekundu walikuwa wapi kwenye daftari?"

Akafikiri. "Mwisho. Wale walihamia mtaani wa mwisho, wakaingia wote kwa mkupuo."

"Kwa hiyo karatasi zao ulizitia mwisho."

"Eeh."

"Ulizichanganya?"

"Si nilitikisa kawa?"

Mnaijua kawa. Kifuniko cha ukindu cha kufunikia chakula, kimechongoka kama paa la msonge. Ukikipindua kinakuwa shimo jembamba chini, pana juu. Karatasi 12 zilizokunjwa zinajibana kwenye ule mchongoko, na ukitikisa zinazidi kushindiliwa. Mtoto wa miaka minne akiingiza mkono anachukua za juu, na za juu ni za mwisho kutiwa. Yale makundi 220 niliyoyapanga kwa mbwembwe mbele ya akina mama, kila moja na nafasi yake sawa na mwenzake, hayakuwahi kuwa na nafasi sawa tangu mwanzo. Sikuangalia ndani ya kawa. Niliangalia karatasi yangu.

Nikamweleza mama haya yote, na ya Marekani pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo si jambo la kawaida kwa mama kwenye simu.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "unataka kuniambia mwizi nilikuwa mimi?"

"Si wewe, mama. Kawa."

"Kawa aliisuka bibi yako," akasema, na akaniuliza kama nimekula.